Usimfunge Mtu kwa Kosa la Kesho: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Waswahili wa International City

Ukitoka International City kwa upande wa Dragon Mart ukashika barabara ya Hatta, huendi mbali kabla ya kukutana na vibao vya Al Awir. Huko ndiko liliko gereza kuu la Dubai. Huko pia ndiko zinakoshughulikiwa kesi za wageni waliopitwa na viza, na wakati wa msamaha wa 2024, ulioanza 1 Septemba na kusogezwa hadi 31 Desemba, watu wetu wengi walikwenda kupanga foleni huko huko. Mkazi wa hapa hawezi kusema kwamba habari za kuzuiliwa na kuachiwa ni za magazetini. Ni habari za jirani.

Naandika kwa ukali kwa sababu kuna kauli inayotamkwa kwa wepesi mno vyumbani mwetu: "Huyo asitolewe, akitoka atarudia." Anayeitamka mara nyingi ni Mkenya, Mtanzania au Mganda anayelala kitanda cha juu kwenye chumba cha watu sita, mwenye viza inayokaribia kwisha, ambaye yeye mwenyewe kwa macho ya mtu mwingine ni mtu wa kutiliwa shaka.

Msimamo wangu ni huu. Mtu afungwe kwa alilotenda, likishathibitishwa, kwa muda aliotajiwa. Muda ukiisha, atoke. Tunachohofia kwamba atafanya baadaye ni hofu yetu, si kosa lake, na gharama ya hofu hiyo hatuna haki ya kumtwika yeye peke yake. Kwa hiyo:

Jua sheria unayoizungumzia. Sheria ya shirikisho namba 7 ya mwaka 2014, ya kupambana na ugaidi, ina kifungu cha 40 kinachomhusu mtu mwenye "hatari ya kigaidi". Maana yake ni mtu ambaye fikra zake zinatia hofu kwamba huenda akatenda kosa la ugaidi. Haihitajiki awe ametenda. Mwendesha mashitaka akiomba na mahakama ikikubali, mtu huyo anawekwa kwenye kituo cha munasaha, yaani kituo cha kupewa nasaha. Kituo kinatoa ripoti kila miezi mitatu, na mahakama ndiyo inayoamua kama hali yake inaruhusu atoke. Sheria haikuweka kikomo cha muda. Mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kuanzisha kituo cha kitaifa cha kazi hiyo.

Tazama ilivyotumika. Julai 2013, katika kesi ya watu 94 iliyosikilizwa Abu Dhabi, 69 walitiwa hatiani. Wengi waliokuwa mahakamani walipewa vifungo vya miaka saba hadi kumi. Miaka hiyo ikaisha. Wengi wao hawakurudi nyumbani. Walibakizwa kwa jina la munasaha. Desemba 2023, Dubai ikiwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa hali ya hewa, ikafunguliwa kesi mpya dhidi ya watu zaidi ya 80, wengi wao wakiwa wale wale, na Julai 2024 watu 43 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Serikali inasema inalinda usalama wa taifa. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wamesema mara kadhaa kwamba kumbakiza mtu ndani baada ya kifungo chake kwisha, bila kosa jipya na bila kikomo, ni kumzuia kinyume cha haki. Mimi nasimama na hao wa pili, na sababu zangu zinafuata.

Usiseme, "Kama si mtu wa hatari, itaonekana." Haitaonekana. Hapa ndipo ubaya wa jambo hili ulipolala, na naomba usomaji wako upunguze mwendo.

Mtu akishitakiwa kwa wizi wa jana, anao ushahidi wa kuleta: nilikuwa kazini, muulizeni msimamizi, tazameni kamera za jengo. Mtu anayezuiliwa kwa wizi wa mwakani ataleta shahidi gani? Njia pekee ya kuonyesha kwamba hataiba ni kuwa nje na asiibe, na hiyo ndiyo nafasi aliyonyimwa. Akiwa ndani, kila anachofanya kinasomwa kwa jicho moja. Akinyamaza, anaficha. Akilalamika, bado ana hasira. Akitii kila amri, anaigiza ili atoke. Akisali sana, fikra zake hazijabadilika. Akiacha kusali, amevunjika na hatabiriki. Afisa anayeandika ripoti naye ana hesabu zake. Akipendekeza mtu atoke na mtu huyo akaharibu, jina la afisa litatajwa. Akipendekeza abaki, hakuna atakayejua kamwe kama alikosea. Kwa hiyo atapendekeza abaki, na atafanya hivyo kila baada ya miezi mitatu, akiwa na dhamiri safi kabisa.

Utabiri wa namna hiyo haushindwi, kwa sababu wenyewe umeondoa kila kitu ambacho kingeweza kuushinda.

Usilinganishe na karantini bila kufikiri. Najua utaniambia kuwa wakati wa korona, 31 Machi 2020, ilitangazwa kwamba Al Ras, kule Deira, inafungwa kwa wiki mbili, watu wasio na kosa wakazuiliwa kwa hatari waliyodhaniwa kuwa nayo, na hakuna aliyelia dhuluma. Ni kweli. Lakini karantini ilikuwa na siku ya mwisho iliyotangazwa. Karantini ya ugonjwa huwa na kipimo ambacho kikitoka safi unaachiwa, hata kama sura yako haimpendezi daktari. Na hakuna aliyetoka Al Ras akiitwa mhalifu. Nipeni kipimo cha namna hiyo cha moyo wa mtu, na siku ya mwisho ya namna hiyo, kisha tuzungumze.

Usiinamie hesabu ya mashine. Desemba 2016 Polisi wa Dubai walitangaza kutumia programu ya kutabiri uhalifu, inayochambua taarifa za matukio ya zamani ili kuonyesha wapi na lini uhalifu unaweza kutokea. Mwaka 2018 ukazinduliwa mpango wa Oyoon, wa kamera zinazotambua nyuso. Kutabiri mtaa ili doria iongezwe ni jambo moja, na sina ugomvi mkubwa nalo. Kumtabiri mtu ili afungwe ni jambo jingine, na njia kutoka la kwanza hadi la pili ni fupi kuliko tunavyojipa moyo.

Marekani wameshaipita njia hiyo. Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica walichunguza programu iitwayo COMPAS, iliyowapa washitakiwa wa kaunti ya Broward, Florida, alama za uwezekano wa kurudia kosa. Miongoni mwa watu weusi ambao hawakurudia kosa lolote, asilimia 44.9 walikuwa wamepewa alama za hatari. Miongoni mwa wazungu wa namna hiyo hiyo, asilimia 23.5. Kampuni iliyotengeneza programu ilibisha kuhusu njia ya kuhesabu, na wataalamu wa takwimu wanaendelea kubishana mpaka leo. Mwenye kukaa rumande kwa alama ile hakuambiwa kwamba kuna ubishi.

Sasa jiulize mashine kama hiyo ingejifunza nini kuhusu International City. Ingekuta majengo ya ghorofa chache yaliyopangwa kwa majina ya nchi: China, Uingereza, Ufaransa, Urusi, Uhispania, Ugiriki, Morocco, Uajemi. Ingekuta vyumba vilivyokatwa kwa mapazia, watu wanaohama kila baada ya miezi miwili, mishahara midogo, viza zilizopitwa, na uraia wa nchi ambazo watu wake husimamishwa na askari kanzu mara kwa mara kuulizwa Emirates ID. Ukisimamishwa mara nyingi unaandikwa mara nyingi, na ukiandikwa mara nyingi unaonekana wa hatari. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho ni kosa la jinai la kuumiza mtu. Vyote vingehesabiwa.

Na hata bila mashine tumeyaona. Usiku wa 24 kuamkia 25 Juni 2021, huko Abu Dhabi, mamia ya wafanyakazi Waafrika, wakiwemo Waganda, walitolewa vyumbani mwao, wakapelekwa gereza la Al Wathba, na wengi wakarudishwa makwao bila kufikishwa mbele ya hakimu. Mamlaka zilisema ni operesheni dhidi ya ukahaba. Waliorudishwa waliwaambia wachunguzi wa Amnesty International kwamba walikuwa na viza na vibali vyao vya kazi.

Usimnyime mtu kitanda kwa utabiri. Hili linakuhusu wewe mwenye mkataba wa nyumba, unayepangisha vitanda. Anakuja kijana ametoka ndani, amekaa miezi mitatu kwa ugomvi au kwa deni, amemaliza. Ana mfuko mmoja na karatasi ya kuachiwa. Unamtazama viatu, unauliza alikuwa wapi, kisha unasema kitanda kimeshachukuliwa, wakati yeye anakiona kikiwa na godoro tupu nyuma ya pazia. Usifanye hivyo. Umemwongezea kifungo kwa mamlaka ambayo hakuna mahakama iliyokupa.

Weka masharti ya chumba, yabandike mlangoni, yawe sawa kwa wote: hakuna pombe ya kuuzwa, hakuna kupigana, vitu vya mtu haviguswi, kodi tarehe 1. Akivunja, mtoe kwa alichovunja. Unalo jicho la kumwangalia leo, na leo inatosha.

Usishike pasipoti ya mtu kwa hofu kwamba atatoroka. Kafili au ajenti anayefungia pasipoti za wasichana wa kazi kabatini anafanya kile kile tunachokilaumu, kwa kipimo cha nyumba. Hajakimbia, lakini anazuiliwa kama aliyekimbia. Sheria za nchi hii zinakataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi, na zimekataza kwa miaka mingi. Kama wewe ni Mswahili unayewaleta dada zetu kutoka Mombasa, Tanga au Kampala, na una kabati kama hilo, lifungue leo. Sitaki kusikia habari za gharama ulizotoa.

Simama mdhamini. Wengi hawajui kuwa wako watu walio mahabusu hapa si kwa uzito wa kosa, bali kwa kukosa mtu. Katika kesi nyingi ndogo Dubai, polisi au mwendesha mashitaka anaweza kumwachia mtuhumiwa kwa kuacha pasipoti yake, au pasipoti ya mdhamini. Mwenye duka Deira ana ndugu watatu wa kuleta pasipoti kabla ya magharibi. Kijana wa International City, mlinzi wa usiku, hana. Basi huyu anaonekana ndiye atakayekimbia, na yule hapana, ingawa kosa ni moja. Huo nao ni utabiri, na unapimwa kwa idadi ya jamaa.

Kwa hiyo vyama vyetu vya Watanzania, Wakenya na Waganda vijipange. Kila jumuiya iwe na watu wanaofahamika, wenye ukaazi usio na tatizo, waliokubali kabla ya msiba kuwa wataacha pasipoti zao kwa zamu. Namba za ubalozi mdogo wa Tanzania na wa Kenya hapa Dubai ziwe kwenye simu ya kila mmoja. Mtu akikamatwa, mtu mmoja aende kituoni, mmoja apige simu ubalozini, mmoja aiarifu familia. Msiende kumi kwa kelele.

Na usimdhamini usiyemjua. Nasema haya kwa uzito ule ule: akikimbia, pasipoti iliyobaki ni yako.

Usirushe jina wala picha ya mtuhumiwa kwenye magrupu ya simu. Sheria za mitandao za nchi hii ni kali kwa anayesambaza picha za watu na uvumi, na wewe ndiye utakayekuwa wa pili kuitwa.

Usimsahau aliyeumizwa. Mwandishi anayezungumzia haki za mfungwa bila kumtaja dada aliyevunjwa taya hastahili kusomwa. Wako watu wanaorudia. Wako wanaume ambao wametoka na kurudi kwenye mlango ule ule. Mwanamke anayeogopa tarehe ya kuachiwa kwa mume wake wa zamani haogopi kivuli.

Kwa hiyo sisemi tukae mikono mitupu. Nasema yafanywe yale yanayoweza kupimwa na kupingwa. Kosa zito lipewe kifungo kizito siku ile ya hukumu, mbele ya mtu, kwa idadi ya miaka. Akitoka, mahakama inaweza kumwekea uangalizi: aripoti kituoni, asikaribie nyumba fulani, asifanye kazi na watoto. Kenya ina mfano katika Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, kifungu cha 39, kinachoiruhusu mahakama kumtangaza mtu kuwa mkosaji wa ngono wa hatari na kumweka chini ya uangalizi wa muda mrefu. Kinaanzia kwenye kosa lililothibitishwa, na kinamwacha mtu mahali ambapo mwenendo wake unaweza kumtetea au kumshitaki. Akivunja sharti, anakamatwa kwa kuvunja sharti. Na pesa ambazo zingelipia kumweka ndani bila kikomo zikamlipie mwanamke yule nyumba salama na askari anayepokea simu.

Usitoe kifungo kisicho na mwisho ukatumaini busara ya watakaokuja. Uingereza na Wales walijaribu. Sheria yao ya 2003, iliyoanza kutumika 2005, iliruhusu kifungo cha kulinda umma: unapewa kima cha chini, kwa baadhi kisichofika miaka miwili, kisha unabaki mpaka bodi iridhike kwamba si wa hatari. Zaidi ya watu 8,000 walifungwa hivyo. Ili kuiridhisha bodi ilibidi umalize mafunzo fulani, na mafunzo yenyewe hayakuwepo au foleni yake ilikuwa ya miaka. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema hilo ni kuvunja haki. Mwaka huo huo bunge likaamua kifungo hicho kifutwe, lakini si kwa waliokwisha kuhukumiwa. Miaka kumi na zaidi baadaye, zaidi ya 2,000 walikuwa bado ndani. David Blunkett, waziri aliyeileta sheria, amekiri hadharani kuwa anajutia. Majuto yake hayakumrudishia mtu mwaka hata mmoja.

Kumbuka kwamba sisi tumeshafanyiwa. Wakati wa Hali ya Hatari Kenya, iliyotangazwa Oktoba 1952, Waingereza waliwapanga wafungwa kwa rangi: weupe wa kuachiwa, kijivu wa kurekebishwa, weusi wasiorekebishika. Rangi haikuwa hukumu ya kosa. Ilikuwa makisio ya utiifu wa kesho. Watu walisukumwa kutoka kambi moja hadi nyingine, Manyani, Mackinnon Road, Kisiwa cha Manda kule Lamu, wakisubiri rangi ibadilike. Tarehe 3 Machi 1959, kambi ya Hola kwenye Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa kwa kukataa kazi waliyolazimishwa. Walikuwa miongoni mwa walioandikwa kuwa hawarekebishiki.

Kisha tukajitawala, na tukaichukua fimbo ile ile. Tanganyika ilitunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini mwaka 1962, bendera mpya ikiwa bado haijatimiza mwaka: Rais akiridhika kuwa mtu ni hatari kwa amani, saini inatosha, na kama ilivyotungwa mwanzo, amri hiyo haikuweza kuhojiwa mahakamani. Kenya ikafuata mwaka 1966. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa usiku, mwishoni mwa 1977, akakaa gereza la Kamiti takriban mwaka mzima bila kushitakiwa. Mwaka 2014, baada ya mabomu Nairobi, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walizolewa na kupitishwa uwanja wa Kasarani, kwa sababu wafananao nao walikuwa wametenda. Mashekhe wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi wakingoja kesi ya ugaidi isiyoruhusu dhamana. Juni 2021 mashitaka yakaondolewa, wakaenda nyumbani. Hakuna aliyewahi kueleza miaka ile ilikuwa ya nini.

Jifunze kwa Khidhri na Musa. Wengi wetu hapa ni Waislamu, na kisa kiko katika Sura ya Al-Kahf. Khidhri alimuua kijana ambaye hakuwa ameua mtu, na Musa akapinga papo hapo. Baadaye Khidhri akaeleza: ilihofiwa kijana yule angewatwisha wazazi wake waumini uasi na ukafiri, naye hakufanya kwa amri yake mwenyewe. Yaani alikuwa na elimu kutoka kwa Mungu. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Najda, kiongozi wa Makhawariji, alimwandikia Ibn Abbas kuuliza kuhusu kuua watoto wa maadui. Ibn Abbas akamkataza, isipokuwa kama yeye Najda anajua alichokijua Khidhri kuhusu yule kijana. Jibu hilo linamtosha kila mwendesha mashitaka na kila mwenye programu. Na hupokewa kwamba Sayyidna Ali aliambiwa mapema kuhusu Ibn Muljam, aliyekuja kumuua, akakataa kumgusa kwa sababu alikuwa bado hajatenda lolote.

Mwisho, andika nyumbani. Hapa Dubai hatupigi kura, na sauti yetu ina mipaka. Nyumbani tunayo. Tume ya Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliitaja sheria ile ya 1962 miongoni mwa sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa. Wewe Mtanzania wa International City, unayemtumia mama yako pesa kila mwezi na kumpigia simu mbunge wako unapotaka barabara ya kijijini, mpigie na kwa hili. Mwulize sheria hiyo imefikia wapi, na usikate simu mpaka akujibu.